Mwenye Baiskeli na Mbung'o wa Njia ya Kabambare

Nazungumza nanyi mlio Kasongo na Nyangwe, Kipaka na Samba, na ninyi mlio Wamaza, Kabambare na Salamabila, huku kwetu Maniema, Kongo. Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwanza kwa mtu anayetulisha sote, ingawa ni nadra kusikia akizungumziwa redioni. Namsema mwenye baiskeli. Yule anayetoka vijijini na mchele na karanga, anayeshusha bidoni za mawese sokoni Kasongo, kisha anageuza na chumvi, sabuni, nguo na betri. Barabara zetu zimeharibika kiasi kwamba gari likija, habari zake hutangulia kwa siku kadhaa. Baiskeli ndiyo gari letu. Na mtu huyu, juu ya matope, vilima na hofu ya watu wenye silaha, anaye adui mwingine aliyemzoea hata hamhesabu tena, naye ni mbung'o.

Mazoea hayo ndiyo yaliyonileta mbele yenu. Ukimuuliza mwenye baiskeli kuhusu mbung'o, atakuonyesha alama miguuni, atasema wanauma, halafu atarudi kwenye habari za bei ya mawese. Kwake mbung'o ni kero ya njiani kama mvua. Mimi nasema tusiishie kwenye kero. Maumivu ya kuumwa huisha siku ileile, lakini kuna linaloweza kubaki mwilini miezi na miaka bila mtu kujua, na hilo linahitaji kipimo.

Tuanze mbali kidogo. Kwa nini mizigo yetu hubebwa na watu? Mgeni akitoka nchi za wafugaji hushangaa kusafiri siku nzima kwetu bila kukutana na punda wala ng'ombe wa kukokota mkokoteni. Mwenye lawama kubwa ni mbung'o. Akimuuma mnyama anaweza kumwachia vijidudu vya nagana, maradhi yanayomkondesha ng'ombe au farasi hadi anakufa. Kwa hiyo misafara iliyotoka Bagamoyo na Ujiji kuja huku kwetu Manyema katika karne ya 19 ilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammad, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu, na pembe za ndovu zilizoondoka hapa zilikwenda pwani zikibebwa na watu, wengi wao watumwa.

Wazungu nao walitafuta njia ya kumkwepa mdudu huyu. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipeleka tembo wanne wa India hadi pwani karibu na Dar es Salaam, akitumaini wanyama wakubwa hivyo wataweza kuvuka nchi ya mbung'o na mizigo mgongoni. Ni mmoja tu aliyefika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, naye hakuishi muda mrefu. Mzigo ukabaki kwa binadamu. Binadamu alipopata baiskeli, aliuhamisha mzigo kutoka kichwani hadi kwenye keria. Na vita vya mwaka 1998 hadi 2003 vilipoua barabara, baiskeli ziliendelea kupenya, zikafikisha chumvi na sabuni mahali ambapo hakuna gari lililothubutu kwenda.

Mnaona basi, ndugu zangu. Mwenye baiskeli anafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na punda, na anaifanya katika makazi ya mbung'o yuleyule aliyetunyima punda.

Sasa tumtazame mdudu mwenyewe, maana adui hutambuliwa kwanza. Mbung'o ni mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani, rangi yake ya kahawia au kijivu. Akitulia, hulaza mabawa yake moja juu ya jingine, yakafungana mgongoni kama mikasi iliyofumbwa, na mbele ya kichwa hutokeza mrija mgumu ulionyooka. Huo ndio unaopenya ngozi, na hata shati jepesi huupitisha. Dume huuma na jike huuma. Na wote huuma mchana, kwa hiyo chandarua chako cha usiku, ambacho ni ngao nzuri dhidi ya mbu wa malaria, hakikusaidii njiani.

Tusimchanganye na wadudu wengine wa njia zetu. Pange ni inzi mnene mwenye macho makubwa, naye mabawa yake hukaa wazi pembeni. Usubi ni wale wadogo weusi wenye mgongo uliobinuka, wanaozaliana penye maji yaendayo kasi. Hao wana ubaya wao: ndio wanaoeneza upofu wa mto, na kinga yake ni vidonge vya Mectizan ambavyo hugawiwa bure vijijini. Vikifika kwenu, mvimeze. Leo lakini tubaki na mbung'o.

Kuna jambo moja katika maisha ya mbung'o linalotupa matumaini. Jike hatagi mayai mengi kama inzi wa jalalani. Hukuza buu mmoja tu tumboni mwake, humlisha humo humo, na kila baada ya siku tisa au kumi humzaa mmoja juu ya udongo laini wenye kivuli. Buu hujichimbia, na baada ya mwezi hivi hutoka mbung'o kamili. Jike huyo maishani mwake mwote huacha watoto wachache sana. Kwa hiyo mahali ambapo mbung'o kadhaa huuawa kila siku, bila kuachwa siku wala wiki, wao hushindwa kujaza pengo. Shikeni jambo hilo, nitalirudia.

Haya, tushuke kivukoni. Baiskeli yenye mzigo mzito haipandwi, husukumwa. Mwenyewe amefunga fimbo moja kwenye usukani ili aelekeze gurudumu la mbele, na fimbo nyingine nyuma ya kiti ili asukume. Mikono yote miwili ina kazi. Jasho linamtoka, shati limemganda mgongoni, suruali ameikunja hadi magotini kwa sababu ya matope. Anateremka polepole kuelekea kijito ambacho miti yake imeinama juu ya maji. Mbung'o aliyejibanza upande wa chini wa tawi anaona kitu kikubwa chenye rangi nzito kinasogea. Anakifuata. Anatua nyuma ya goti au begani, mahali ambapo macho ya mwenye baiskeli hayafiki. Akiachia fimbo ili ampige, magunia ya mchele yanaanguka majini. Basi anavumilia, na mbung'o anashiba.

Halafu inakuja sehemu ya hatari zaidi. Akishavuka, amechoka. Anaegemeza baiskeli kwenye mti, anavua shati, anaingia majini kuoga, anafua, anaziba pancha, anavuta pumzi kivulini na wenzake. Hapo ndipo mbung'o wa mtoni wanapoishi, wanapopumzika na wanapozalia. Kwa mbung'o wa aina hii, mtu aliyeketi kivulini ukingoni ni karamu. Pale pale wanashuka akina mama kuchota maji na kuloweka mihogo, watoto kuoga, na wanafunzi kuvuka wakiwa na sare zao nyeupe na bluu. Kama mmoja kati ya watu hao ana vijidudu vya malale, ugonjwa wa usingizi, katika damu yake, mbung'o anaweza kuvichukua hapo, na baada ya wiki tatu hivi akaanza kuwapa wengine hadi mwisho wa uhai wake.

Mwenye baiskeli afanyeje? Niwaambie yale yanayofaa kwa mtu asiye na fedha nyingi.

La kwanza ni mavazi. Mbung'o huvutwa sana na rangi ya bluu na nyeusi. Hili limethibitishwa na watafiti hadi mitego mingi ya mbung'o hushonwa kwa rangi hizo. Kwa hiyo shati la bluu na suruali nyeusi ni mwaliko. Vaa kaki, au kijivu cha mchanga, au rangi yoyote ya udongo uliopauka. Kitambaa kiwe kizito kidogo, kama cha koti la kazi, na kipana, kisigande mwilini, kwa sababu mrija wake hupenya nguo nyepesi iliyobana ngozi. Mikono mirefu, suruali ndefu. Najua joto la Maniema, na najua kusukuma mlima ukiwa umejifunika kunachosha. Basi angalau fanya hivi: kabla hujateremka mtoni, simama juu kwenye uwazi, shusha mikono ya shati, kunjua suruali, funga kitambaa shingoni, kisha vuka. Ukishafika mbali upande wa pili, jifungue upumue. Tazama pia mzigo wako. Turubai la bluu juu ya magunia ni kitambaa kikubwa cha rangi ileile inayotumika kuwaita. Ukiwa na hiari, funika kwa rangi nyingine.

La pili ni saa na mahali. Mbung'o hufanya kazi jua likiwa limepanda, na kunapokuwa na ubaridi hulegea. Mwenye safari ya vijito vingi aondoke alfajiri, avuke vile vibaya zaidi kabla ya jua kukolea. Jua la utosini nalo humfanya mbung'o ajifiche vichakani, lakini ukimgusa atakuuma, kwa hiyo usiingie kichakani kupumzika wakati huo. Ukitaka kupumzika, pumzika juu ya kilima, kwenye uwazi, mbali na maji. Pancha inayoweza kungoja iungoje mlima. Chota maji kwenye dumu, upande nayo, uogee huko juu. Robo saa chini ya miti ya mtoni inatosha kukupa maumo mengi kuliko mwendo wa asubuhi nzima.

La tatu, tembeeni pamoja. Watu wawili wanaosukuma kwa kufuatana, wa nyuma humwona mbung'o aliyetua mgongoni mwa wa mbele. Wengi wenu mnafanya hivyo tayari kwa ajili ya usalama. Basi kusaidiana huko kufike hadi kwenye inzi.

La nne, msitegemee sana dawa za kujipaka. Zile zinazofukuza mbu humsumbua mbung'o kidogo tu. Anayeuziwa chupa sokoni kwa maneno matamu kwamba hataumwa tena ajue fedha yake ingemfaa zaidi kwenye shati zito. Na hakuna chanjo ya malale. Atakayekuja kukuuzia chanjo hiyo anakudanganya.

La tano ni letu sote tunaoishi karibu na vivuko. Kusafisha kichaka pembeni mwa mahali pa kuchota maji na kuoga humwondolea mbung'o kivuli chake. Salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, inaweza kuanza na kivuko. Na ipo njia nyingine iliyojaribiwa hapa hapa nchini kwetu. Katika mkoa wa Kwilu, eneo la afya la Yasa Bonga, tangu mwaka 2015 vimewekwa kandokando ya mito vitambaa vidogo, nusu ni bluu na nusu ni chandarua cheusi, vilivyotiwa dawa ya kuua wadudu. Upana wake ni sentimeta 25, urefu wake 50, vimefungwa kwenye fimbo tu. Mbung'o anavutwa na bluu, anagusa chandarua, anakufa. Mbung'o katika mito ile walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ndiyo faida ya ule uzazi wa polepole niliosema: kitambaa kidogo kinachoua kila siku kinamshinda. Tuwaombe viongozi wetu wa afya kazi kama hiyo ifike mto Luama na vijito vyake. Na siku kitambaa hicho kitakapowekwa kivukoni kwenu, mtu asikichukue kwenda kufungia mzigo.

Sasa nifike kwenye ugonjwa wenyewe. Malale, ugonjwa wa usingizi. Kusini mwa Maniema ni kati ya sehemu za Kongo ambako maradhi haya yamejulikana kwa muda mrefu. Niseme kwanza la kuwatuliza: mbung'o wengi hawana vijidudu. Hata katika nchi zenye malale, kwa kawaida ni chini ya mmoja kati ya mia anayeweza kuambukiza. Mtu asiyalie maisha yake kwa sababu ameumwa jana. Lakini mwenye baiskeli haumwi mara moja. Anaumwa kila safari, msimu baada ya msimu, kijito baada ya kijito, na hatari ndogo ikirudiwa mara nyingi haibaki ndogo.

Malale ya huku kwetu yanakwenda polepole. Mtu anaweza kukaa nayo miezi, hata miaka, akiendelea kusukuma baiskeli. Mwanzoni huja homa inayokwenda na kurudi, maumivu ya kichwa na viungo, mwili kuwasha, na tezi kuvimba nyuma ya shingo. Anapewa dawa ya malaria, anapata nafuu, homa inarudi, anapewa tena. Baadaye vijidudu huingia kwenye ubongo. Hapo usingizi unageuka: mchana anasinzia, usiku anakesha. Tabia inabadilika. Mtu mpole anakuwa mkali, mtu hodari anakaa tu, anasahau hesabu zake, anazungumza ovyo. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa, au amelaaniwa kwa sababu ya fedha alizopata njiani. Anazungushwa kwa waganga, baiskeli inauzwa kulipa kuku na mbuzi, na asipotibiwa mwisho wake karibu siku zote ni kifo.

Akina mama, hapa ninyi ndio mnaoweza kuokoa maisha kuliko daktari. Mume au kaka anaporudi safari na homa isiyokwisha, mpapase nyuma ya shingo. Mkiona tezi, au mkiona anasinzia mbele ya chakula na kukesha usiku, semeni neno moja tu kituoni: apimwe malale. Muuguzi aliyechoka, mwenye foleni ya wagonjwa wa malaria, anaweza asilifikirie mpaka alisikie kinywani mwenu.

Kasongo ina historia yake katika ugonjwa huu, na inastahili kujulikana na watoto wetu. Kijidudu cha malale kilipewa jina mwaka 1902 na daktari kijana Mwingereza, Joseph Everett Dutton, baada ya kukiona katika damu ya mgonjwa huko Gambia. Mwaka uliofuata David Bruce, akiwa Uganda, alionyesha kwamba mbung'o ndiye anayekisambaza, wakati ule malale yakiua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Victoria. Dutton na mwenzake John Lancelot Todd walitumwa Kongo mwaka 1903 na chuo cha tiba cha Liverpool. Wakapanda mto, kituo baada ya kituo, wakipapasa shingo za watu na kupima damu, wakaona jinsi maradhi yalivyokuwa yakifuata njia za wasafiri na wapagazi. Walifika huku kwetu. Huku walichunguza pia homa inayoletwa na papasi, wale kupe wa kwenye nyumba za udongo, na homa hiyo iliwapata wao wenyewe. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Alikuwa na umri wa miaka 30. Kijidudu cha homa ya papasi kinaitwa kwa jina lake hadi leo.

Waliyoyaona hayajabadilika: maradhi haya husafiri na watu wanaobeba mizigo. Lakini utawala wa kikoloni ulilichukua jambo hilo kwa mkono wa chuma. Watu walizuiwa kusafiri bila pasipoti ya matibabu, vijiji vilihamishwa kwa nguvu, wagonjwa walitengwa mbali na ndugu zao. Wazee walisimulia, na hofu ikarithiwa. Ndiyo maana hata leo timu ya malale ikiingia kijijini, wapo wanaokimbilia mashambani. Siwalaumu. Ila nawaambia kwamba mambo yamegeuka, na yamegeuzwa kwa sehemu kubwa na Wakongomani wenyewe.

Zamani mgonjwa ambaye vijidudu vimeshaingia kwenye ubongo alichomwa dawa ya melarsoprol, yenye asili ya sumu ya arseniki. Iliunguza mishipa, na karibu mgonjwa mmoja kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Leo kuna vidonge, fexinidazole, vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku kumi, bila sindano. Majaribio yake makubwa yalifanyika hasa katika hospitali za Kongo, yakiongozwa na daktari Mkongomani, Victor Kande, na nchi yetu iliiandikisha dawa hiyo mwishoni mwa 2018. Dawa nyingine, acoziborole, inayomezwa mara moja tu na kumaliza, imejaribiwa pia hapa nchini na matokeo yake ni mazuri. Mgonjwa wa malale halipii dawa. Aliyekimbia zamani alikuwa na sababu. Anayekimbia leo anaikimbia dawa inayoponya.

Hesabu pia zinatia moyo. Mwaka 1998 Kongo peke yake iliandika wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Tangu 2018, wagonjwa wanaoandikwa Afrika nzima hawafiki 1,000 kwa mwaka, ingawa zaidi ya nusu yao bado ni wa Kongo. Shirika la Afya Duniani limeweka mwaka 2030 kuwa mwaka wa kukata maambukizi ya malale haya kabisa. Lakini tulishafika karibu na hapo. Karibu na uhuru wa 1960 wagonjwa wapya nchini walikuwa wamebaki kama 1,000 kwa mwaka. Kisha upimaji ukalegea, fedha zikakatika, vita vikaja, na ndani ya miaka 40 wakawa wale 26,000. Malale hurudi pale yanaposahauliwa. Na sehemu za kwanza kusahauliwa ni hizi zetu, ambako barabara ni mbaya na bunduki zinasikika.

Kwa hiyo nina neno kwa wakubwa wa afya wa mkoa na wa mpango wa taifa wa kupambana na malale. Timu ikija kijijini siku ya kazi, mwenye baiskeli hayupo. Yuko njiani. Wanapimwa wake na watoto, naye ambaye ameumwa kuliko wote anakosekana kwenye orodha, safari hii na inayofuata. Mfuateni aliko. Yuko sokoni siku ya gulio. Yuko kwenye kivuko cha mtumbwi akingoja zamu. Yuko kwenye kizuizi cha barabara, ambako kila baiskeli husimamishwa na kutozwa. Mahali ambapo dola hukusanya kodi yake pawe pia mahali ambapo dola humpima mlipa kodi damu kwa tone la kidole, bure, bila kumlazimisha na bila kumshikia baiskeli. Tone hilo na jibu lake ni kazi ya dakika chache.

Na hili lisionekane ni kubwa kupita uwezo wetu. Katika miaka ya 1970 jina la Kasongo lilisomwa na madaktari wa dunia nzima kwa sababu ya Mradi wa Kasongo, uliofanywa pamoja na taasisi ya tiba ya Antwerp. Mji huu wa mbali ulionyesha kwamba kituo kidogo cha afya, kilicho karibu na watu, chenye muuguzi anayewajua kwa majina, kinaweza kufanya kazi ambayo wengi walidhani inahitaji hospitali kubwa. Maeneo ya afya ya nchi hii yamejengwa kwa mafunzo ya aina hiyo. Basi kipimo cha malale kiwe katika vituo hivyo mwaka mzima, kisingoje timu ipitayo mara moja kwa muda mrefu.

Mashehe wetu, Ijumaa inayokuja, na mapadri na wachungaji, Jumapili, naomba mseme jambo hili kwa dakika mbili tu: homa isiyokwisha na usingizi uliogeuka ni vya kupimwa kabla ya mtu yeyote kushtakiwa uchawi. Wakuu wa vyama vya waendesha baiskeli, wekeni utaratibu kwamba kila mwanachama anapimwa malale mara moja kwa mwaka, na aliyepimwa amshike mkono mwenzake ampeleke.

Na wewe mwenye baiskeli, unayenisikiliza ukiwa umefunga redio ndogo kwenye usukani: badili shati la bluu, vuka mapema, pumzika mlimani, na utakapofika Kasongo au Kabambare, kabla hujanunua chumvi ya kurudi nayo, pita kituo cha afya. Waambie wapapase shingo yako na wapime damu yako. Ukikutwa salama, utasafiri na moyo mweupe. Ukikutwa nayo mapema, utapona na utarudi barabarani. Tunakuhitaji barabarani.